Mama Alinunua Maneno Yangu Kwenye Kopo

Jumapili, Nkende. Saa kumi na moja jioni.

Mvua ilianza tulipokuwa tunatoka kanisani na imekatika sasa hivi. Imetuachia ile baridi ya Tarime inayoingia mpaka kwenye vifundo vya vidole. Nimevaa sweta juu ya sweta. Mama amelala chumba cha pili, anakoroma, na leo mkoromo wake unanituliza.

Sijaandika hapa kwa wiki tatu. Mnaonisoma siku zote mnajua si kawaida yangu. Simu haikuharibika, wala sikusafiri.

Nilikuwa naogopa ukurasa huu.

Kwa mgeni: naitwa Rhobi, nafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa mjini, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Mama yangu anaishi kijijini Genkuru, kwa kaka yangu Marwa na mke wake Ghati. Ana miaka sabini na minane. Ana presha ya siku nyingi, na magoti yaliyochoka kwa kulima miteremko na kubeba mizigo ya kuni tangu akiwa binti.

Mwezi wa sita niliandika hapa habari iliyonifurahisha sana. Niliandika kwamba mwilini mwetu kuna seli ambazo, zikishaharibika, huacha kugawanyika lakini hazifi. Zinabaki palepale. Tena hazikai kimya, zinamwaga kemikali zinazowasumbua majirani, na eneo zima linawaka moto wa chinichini. Tukiwa vijana mwili huzisafisha wenyewe. Tukizeeka zinalundikana, na wanasayansi wanadhani hapo ndipo yanapoanzia baadhi ya maradhi ya uzee. Sasa wanatafuta dawa za kuziondoa hizo tu na kuacha nzima. Wamewapa panya wazee dawa za namna hiyo, na panya wakapata nguvu tena, wakakimbia kuliko wenzao wa umri uleule.

Nikatoa mfano. Nikasema ni kama maharage kwenye gunia. Moja likioza lisipotolewa, linaambukiza ukungu yaliyo karibu. Ukichambua mapema, gunia linadumu.

Nilijipongeza kwa mfano ule. Wasomaji mliupenda, mkasambaza. Nikamalizia kwa maneno haya: "Dawa ziko njiani."

Sasa nisimulie kilichotokea.

Alhamisi, wiki tatu zilizopita, nilikuwa darasani na kidato cha tatu, simu ikatetemeka mara nne mfululizo. Ilikuwa ni Ghati. Nilipotoka nje kuipokea alikuwa anahema.

"Wifi, mama ameanguka. Alikuwa anapukuchua mahindi, akainuka, akaenda chini. Anasema kichwa kinampasuka tangu asubuhi."

"Anaongea vizuri? Mdomo haujapinda?"

"Anaongea. Ananigombeza kwa nini nimekupigia."

Hilo lilinipa pumzi kidogo. Marwa alipata gari la jirani, wakamleta mpaka hospitali hapa mjini, nami nikawakuta mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye benchi ameshikilia kichwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Muuguzi akampima presha mkono wa kulia, kisha akampima wa kushoto.

"Bibi, dawa za presha unameza?"

"Nameza dawa."

"Zipi?"

Mama akafungua kikapu chake. Chini ya khanga na biskuti za wajukuu akatoa kopo la plastiki la kijani, lenye picha ya babu mwenye ndevu nyeupe anakimbia ufukweni. Akamkabidhi muuguzi kwa heshima, kwa mikono miwili.

"Hizi. Zinachambua seli mbovu."

Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Neno lile, kuchambua, sikuhitaji kuambiwa lilitoka wapi.

Muuguzi akaligeuza kopo, akasoma nyuma, akauliza zile za hospitali ziko wapi. Mama akasema alishaziacha mwezi mzima, maana aliambiwa hizi zinatosha, na kwamba ukichanganya zinapigana tumboni.

"Nani alikwambia hivyo, mama?" nikauliza.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Si wewe?"

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, kopi ya stesheneri, wino umefifia pembeni. Niliitambua kabla sijamaliza kuikunjua. Yalikuwa maandishi yangu, yaleyale ya mwezi wa sita. Gunia la maharage lilikuwepo. Seli zinazokataa kufa zilikuwepo. Chini kabisa kwa herufi kubwa: MWALIMU RHOBI, MTAALAMU WA BAIOLOJIA.

Ila panya wote walikuwa wameondolewa. Hakuna hata mmoja aliyebaki. Na pale nilipoandika "Dawa ziko njiani", palisomeka "Dawa zimefika."

Muuguzi akaisoma begani kwangu. "Mwalimu Rhobi ndiye nani?"

Nikasema ni mimi.

Aliandika kwenye faili, akaenda kumwita daktari. Nimefokewa na wakuu wa shule wanne katika kazi yangu, na sikumbuki hata mmoja aliyeniumiza kama kimya cha binti yule.

Walimlaza siku mbili. Presha ilishushwa taratibu, kwa sababu daktari alisema kuishusha ghafla nako kuna hatari yake. Nilikaa kando ya kitanda nikimuuliza kila baada ya muda jina la siku na majina ya wajukuu, mpaka akachoka, akaniuliza yeye jina langu mimi kama bado nalikumbuka. Hakupooza. Ulimi haukuwa mzito. Daktari alisema angechelewa kuletwa tungeongea mengine, na mimi niliyaongea hayo mengine peke yangu, kichwani, kutwa nzima.

Aliyemuuzia lile kopo nilimfahamu. Mama alimtaja bila kuficha, tena kwa sifa. Ni Nyangi, niliyemfundisha miaka kumi iliyopita. Ana kibanda Nyamisangura, hapahapa mjini, anauza makava ya simu na nywele za bandia, na siku za mnada huzunguka vijijini na makopo yake. Genkuru alifika mnadani, akamsikia mtu akimwita mama yangu kwa jina la ukoo, akajitambulisha: mimi nimesoma kwa binti yako. Yote yakaishia hapo. Mama asingemwamini mchuuzi. Alimwamini mwanafunzi wangu aliyeshika maneno yangu.

Jumatatu yake nilikwenda Nyamisangura kwa miguu ili hasira isipoe. Njiani nilipanga sentensi. Nilipanga hata kuita polisi.

"Shikamoo mwalimu!" Nyangi alitoka nje ya kibanda akikimbia, akanishika mikono yote miwili. "Nilikuwa nasema nitakuja kukushukuru!"

"Marahaba. Kunishukuru kwa lipi?"

"Kwa yale maelezo. Mimi nilikuwa nauza bila kuelewa. Wale wa juu wa kampuni ya makopo walitupa semina, Kiingereza kitupu. Nilipokusoma wewe, nikaelewa. Hata mama yangu nimempa, anakunywa kopo la pili sasa."

Sentensi zote nilizopanga zilinitoka kichwani. Nilikuja kumkamata mwizi, nikakuta mwanafunzi anayenionyesha daftari lake.

"Nyangi, uliwatoa panya."

Akatabasamu kwa aibu kidogo. "Watu hawapendi panya, mwalimu. Ukimwambia mtu mzima panya walipona, anaona unamtukana."

"Lakini ni panya ndio waliopona. Watu bado. Watu wamejaribiwa wachache tu, na majibu hayajakaa sawa. Kuna dawa moja walidunga kwenye magoti, haikushinda sindano ya maji matupu. Nyingine ni ya saratani ya damu, si ya kuuza mnadani. Na hizo seli zenyewe si takataka tupu, zinasaidia kidonda kufunga. Hakuna anayejua ukiziondoa zote itakuwaje."

"Hayo hukuandika."

Ni kweli. Hayo sikuandika. Nilikuwa nimeyasoma, nikaona yatapunguza utamu.

Nikamweleza habari ya mama yangu. Kadiri nilivyosimulia ndivyo alivyokuwa akishuka, mpaka akakalia ndoo iliyopinduliwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mama yangu? Na yeye nilimwambia aache za hospitali."

Alimpigia palepale. Mama yake alikuwa mzima, yuko shambani anapalilia, hakuelewa kwa nini mtoto analia kwenye simu. Tukamwambia aende kupima presha siku hiyohiyo. Alikwenda. Ilikuwa imepanda, lakini si kama ya mama yangu, akarudishiwa vidonge vyake.

Tulikaa kibandani mpaka saa tisa mchana tukipiga simu. Nyangi alikuwa anawakumbuka wateja wake wote kwa sura, kwa kijiji na kwa maradhi, na hilo lilinionyesha kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaanza yeye: mimi ni Nyangi wa makopo, nilikosea. Kisha ananipa simu: mimi ni Mwalimu Rhobi, nami nilikosea, tafadhali rudi kwenye dawa ulizopewa hospitali. Mama mmoja wa Nkende alikata, akatupigia yeye, akatutukana mpaka salio lake likaisha. Wengine walisema ahsante kwa ubaridi. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia mwalimu. Lakini tangu nianze hili kopo nalala vizuri, na nililala vibaya miaka sita. Sitaliacha." Nikamwomba basi asiache na za sukari. Akasema hizo hakuwahi kuziacha, yeye si mjinga.

Aliyebaki ni bibi mmoja wa upande wa Serengeti, kijiji cha kabla ya kufika Mugumu. Simu yake haikupatikana Jumatatu, wala Jumanne. Jumatano Nyangi alifunga kibanda akapanda basi kwenda kumtafuta kwa kuuliza. Sikupata usingizi wa maana mpaka aliponipigia. Bibi alikuwa mzima kabisa. Simu ilikuwa imeingia maji. Na kopo lilikuwa kabatini halijafunguliwa, maana alilihifadhi aanze Krismasi wajukuu wakija, apate nguvu ya kuwapikia.

Nilicheka, kisha nikalia. Nilikuwa jikoni, nikasingizia vitunguu, na hata vitunguu vyenyewe sikuwa navyo.

Mama alipotoka hospitali nilimleta hapa kwangu. Siku za mwanzo tuliongea mambo ya pembeni: mvua, bei ya mahindi, nani kazaa. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuingilia. Siku ya nne nilikuwa namkanda magoti kwa maji ya moto, nikamuuliza.

"Mama, ulitaka kuishi mpaka miaka mingapi?"

"Nani kakwambia nataka miaka?"

"Sasa kopo ulinunua la nini?"

Alikuwa anatazama ukuta.

"Rhobi, chooni naingia mwenyewe. Kutoka siwezi. Namwita Ghati. Mke wa mwanangu anakuja, anaingia, ananishika hapa kwapani, ananiinua kama mtoto. Kila siku. Hasemi kitu, ni mtoto mzuri. Ila siku hizi sinywi maji mchana ili nisimwite. Uliandika kwamba wale waliokunywa walisimama wakakimbia. Mimi kukimbia sihitaji. Nilitaka kusimama."

Kitambaa kilipoa mkononi mwangu.

Nimesoma makala nyingi juu ya jambo hili, na zote zinarudia kwamba lengo si kuongeza miaka ya kuishi, ni kuongeza miaka ya afya. Niliielewa sentensi hiyo kama mwalimu anavyoielewa, ya kuandika ubaoni. Pale nikiwa nimepiga magoti mbele ya beseni ndipo nilipoielewa. Na aibu yangu ikawa mara mbili, kwa sababu nimekuwa nikienda Genkuru kila mwisho wa mwezi, napeleka sukari na sabuni, napiga picha na wajukuu, na sikuwahi kujua mama yangu anajinyima maji.

"Hizo dawa za kweli," akauliza baadaye, "zitafika lini?"

Nilitaka kumpa kitu. Jamani, nilitaka sana.

"Sijui, mama. Huenda miaka mingi. Huenda baadhi zisifike kabisa."

"Mimi nitakuwepo?"

"Sidhani."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Kisha akasema, "Hivyo ndivyo ungeandika," akaomba chai.

Hospitalini kuna kijana mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimshika mama mapaja, akasema magoti yamechoka kweli, lakini misuli ya mapaja imekata tamaa mapema, na hiyo bado inaweza kushawishika. Akampa zoezi moja ambalo mama alilidharau waziwazi: kukaa kwenye kiti na kuinuka, kukaa na kuinuka, mara tano asubuhi, mara tano jioni, halafu kuongeza. "Nimetoka Genkuru kuja kufundishwa kukaa," mama alimwambia. Siku ya kwanza aliinuka mara mbili, akishika meza. Jana aliinuka mara saba, na meza aliigusa kwa kidole tu.

Vidonge vya presha anameza saa moja asubuhi mbele yangu, na kila siku ananifungulia mdomo nione, kwa kunikomoa.

Fundi seremala wa mtaa huu ametutengenezea kiti cha choo, cha mbao, chenye tundu katikati, na nguzo mbili za kushikia zilizokazwa ukutani. Kwangu kimefungwa tangu Alhamisi. Kingine kama hicho Marwa atakuja kukichukua kwa ajili ya Genkuru. Inanishangaza kwamba ni mbao tu na misumari. Kingeweza kuwepo miaka yote hii kama kuna mtu angeuliza.

Sijaacha kuamini ile sayansi. Niseme hilo wazi, asije mtu akalikata andiko hili nalo na kusema mwalimu amegeuka. Naendelea kuifuatilia. Nina miaka hamsini na mmoja na goti langu la kulia limeanza kuongea nikipanda ngazi za maabara. Nikisoma kwamba mahali fulani kuna watu wanajaribu, kwa uangalifu, kutafuta namna ya kumwacha binadamu azeeke akiwa amesimama, moyo wangu bado unaruka. Ila kuanzia leo nikiandika nitaandika na yale yanayopunguza utamu. Andiko la mwezi wa sita sitalifuta. Nimeweka juu yake maelezo marefu kuliko lenyewe, na Nyangi ameomba kuweka jina lake chini ya maelezo hayo pamoja na langu. Nimemruhusu. Makopo yaliyobaki amewarudishia wale wa juu, wakamtoa kwenye kundi lao. Amerudi kwenye makava ya simu, na ana hasira na mimi kidogo, ya haki.

Leo mchana, mvua ikiwa bado inanyesha, mama alikwenda chooni, kule uani. Nilichukua mwavuli nikamfuata, nikasimama nje ya mlango kama nilivyozoea. Nikasikia pumzi yake. Nikasikia kiganja kikipiga nguzo, kisha kimya, kirefu mpaka nikanyoosha mkono kushika kitasa.

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Mama alikuwa amesimama, anafunga khanga kiunoni.

"Unasubiri nini hapo?"

"Nilidhani utaniita."

"Basi nipishe nipite."

Nikampisha. Akapita kwenye tope na fimbo yake, polepole, akakataa mwavuli.

Nilibaki pale mkono wangu ukiwa bado umenyooka, maana ulishazoea kwamba kumpenda ni kumwinua. Kesho akienda tena, nitaweza kubaki ndani ya nyumba?